Nyama Mbichi kwa Mbwa: Daktari wa Mifugo Awajibu Wasomaji

Barua nyingi zilizoifikia safu hii katika miezi ya karibuni zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, nalo ni kama mbwa alishwe nyama mbichi au iliyopikwa. Baadhi nimezifupisha na majina nimeyaondoa, lakini maswali yenyewe yamebaki kama yalivyoulizwa.

SWALI: Daktari, nina mbwa dume wa aina ya German Shepherd, umri wake miaka mitatu na uzito kilo 32. Tangu akiwa mdogo anakula ugali wa dona na dagaa, na mara mojamoja nyama ya mabaki kutoka buchani. Manyoya yake yanang'aa na hajawahi kuumwa sana. Kijana wangu amesoma mtandaoni kwamba mbwa ni mnyama wa porini aliyefugwa, kwamba wanga unamuua polepole, na kwamba nyama mbichi pamoja na mifupa ndiyo chakula chake cha asili. Je, nimwachishe ugali? (Msomaji wa Njiro, Arusha)

JIBU: Usimwachishe, ndugu msomaji. Mbwa wa miaka mitatu mwenye uzito huo, manyoya hayo na rekodi hiyo ya afya hana dalili yoyote ya kuuawa na ugali, na hakuna sababu ya kukipindua chakula chake kwa ajili ya nadharia.

Nadharia yenyewe ina historia yake. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alichapisha kitabu kilichowashawishi wafugaji wengi wa huko na baadaye wa Marekani na Ulaya kuachana na chakula cha pakiti na kurudi kwenye mifupa yenye nyama, viungo vya ndani na mboga, vyote vikiwa vibichi. Baadhi ya aliyoyasema yana uzito, kwa mfano kwamba mfugaji anapaswa kujua anachomlisha mnyama wake. Tatizo ni ile hoja ya asili. Ni kweli kwamba mbwa wa kufugwa ana nasaba moja na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye si huyu wetu wa mabaka anayeonekana Serengeti na Nyerere. Lakini ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000 akila makombo yake, na mwili wake umebadilika kulingana na makombo hayo. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa mwitu huyo wa kijivu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kongosho kinachosaga wanga, ilhali mbwa wa nyumbani huwa na nakala kuanzia nne hadi 30. Kwa maneno mengine, ugali uliopikwa ukaiva unameng'enywa na mbwa wako bila shida.

Wanaolisha nyama mbichi husema mbwa wao wana choo kidogo na kigumu, na hilo ni kweli, kwa sababu nyama huacha mabaki machache tumboni. Husema pia kwamba manyoya yanang'aa, nalo mara nyingi ni kweli, ila kinachong'arisha ni mafuta ya nyama, ambayo hayapotei ukiichemsha na kumpa pamoja na mchuzi wake. Upande wa pili wa mizani una bakteria, minyoo, mifupa inayokwama, na mlo usiokamilika. Ndiyo maana Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2012 wa kutoshauri mbwa na paka walishwe nyama, maziwa au mayai ambayo hayajapitishwa kwenye moto au njia nyingine ya kuua vimelea. Mimi nakubaliana nao, na kwa mazingira yetu, ambako nyama ya mbwa ni ile iliyobaki buchani baada ya watu kuchukua yao, nakubaliana nao zaidi.

Ninachoona kinahitaji kurekebishwa katika chakula unachompa ni nyama, kwa kuwa haitoshi. Mbwa wa uzito huo anaweza kulishwa kwa siku takriban nusu kilo ya ugali, gramu 350 hadi 400 za nyama yenye mafuta kiasi iliyochemshwa, kipande cha ini cha gramu 30 hivi, kiganja cha dagaa na mboga kidogo kama karoti, boga au mchicha uliopondwa. Gawanya katika milo miwili. Usizidishe ini kwa kuwa ni rahisi au kwa kuwa analipenda, maana lina vitamini A nyingi sana ambayo ikirundikana kwa miezi huharibu mifupa na viungo. Dagaa waoshwe vizuri, hasa wale wa Ziwa Victoria wanaoanikwa chini, kwa sababu huja na mchanga. Na wasiwe wa chumvi. Mpapase mbavu kila wiki: ziguswe kirahisi chini ya ngozi, lakini zisihesabike kwa macho. Mabadiliko yoyote yafanyike taratibu kwa muda wa siku saba hadi kumi, la sivyo ataharisha na wewe utakilaumu chakula kipya bure.

Ikiwa kuna cha kuogopa katika ugali, basi ni mahindi mabovu. Wapo wanaochambua mahindi, wakala mazuri na yaliyoota ukungu wakasaga kuwa unga wa mbwa. Sumu ya ukungu huo, yaani sumukuvu, haiondoki kwa kupikwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huathirika nayo kirahisi. Sumu hiyohiyo iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui. Mahindi ambayo hungempa mtoto wako, usimpe mbwa.

SWALI: Nilinunua mtoto wa mbwa aina ya Rottweiler, sasa ana miezi minne. Niliambiwa nimpe nyama tupu ili ajenge mwili, nami nimekuwa nikimpa nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyo na mfupa, mbichi, kilo nzima kwa siku. Wiki hizi amekuwa akichechemea, miguu ya mbele imeanza kupinda, na jana alilia mtoto wangu alipomwinua. Je, ni baridi? (Msomaji wa Kitengela, Kenya)

JIBU: Sidhani kama ni baridi, na ninakuomba umpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu. Kwa maelezo yako, mtoto huyu yumkini ana upungufu wa kalisi, yaani madini ya kujenga mifupa, uliotokana na nyama hiyohiyo aliyopewa ajenge mwili.

Hesabu yake iko hivi. Nusu kilo ya nyama ya steki ina takriban gramu moja ya fosforasi, lakini kalisi iliyomo haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mwili wa mbwa unahitaji kalisi iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo, isivuke mara mbili yake. Kwenye nyama tupu fosforasi huzidi kalisi mara 15 hadi 20. Kalisi ya damuni inaposhuka, tezi ndogo zilizo shingoni karibu na tezi ya koo huamuru ichotwe mahali pengine, na mahali penye akiba ni mifupa. Mbwa mzima huweza kukaa hivyo kwa muda mrefu bila kuonyesha dalili. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa, ambaye uzito wake unapanda kila wiki, huonyesha mapema: huchechemea, hukataa kucheza, hukanyaga kwa vifundo badala ya vidole, na mfupa huweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Picha ya eksirei huonyesha mifupa iliyofifia hadi inakaribia kufanana na nyama iliyoizunguka.

Habari njema ni kwamba wengi hupona wakirekebishiwa mlo mapema. Mpe chakula kamili cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, kile cha pakiti chenye maelezo hayo, na umfungie mahali padogo penye godoro laini kwa wiki kadhaa ili asiruke wala kupanda ngazi. Usikimbilie sindano ya kalisi, na usimrundikie unga wa mifupa kwa kufidia, kwa sababu mtoto wa mbwa hawezi kuzuia kalisi ya ziada isiingie mwilini kama awezavyo mbwa mzima, na ikizidi nayo hupindisha mifupa. Hapo ndipo ninapokuwa mkali kuliko wafugaji wengine: mbwa wa chini ya mwaka mmoja asilishwe mlo wa kubuni nyumbani, uwe mbichi au uwe umepikwa, mpaka mtu anayejua hesabu hizi aupitie.

Kwa wasomaji wenye mbwa wazima wanaokula nyama iliyopikwa bila mifupa na bila dagaa, maganda ya mayai yanatosha. Yachemshe dakika kumi, yakaushe, yasage mpaka yawe unga laini usiokwaruza ukiusugua kati ya vidole. Nusu ya kijiko cha chai cha unga huo ina karibu gramu moja ya kalisi, nayo inatosha kwa nusu kilo ya nyama.

SWALI: Sisi ni wafugaji. Tukichinja mbuzi au kondoo nyumbani, mapafu na ini lenye vifuko vya maji tunawatupia mbwa, kwa kuwa mtu hawezi kula. Wazee wetu walifanya hivyo na mbwa wanaishi. Bwana mifugo alipopita alisema ni hatari kwa watoto, lakini hakukaa kutueleza. (Msomaji wa Longido)

JIBU: Mzee wangu, bwana mifugo alisema kweli, na kwa kuwa hakupata nafasi ya kueleza, niruhusu nieleze kwa kirefu, kwa sababu kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutompa mbwa viungo vibichi katika nchi zetu.

Kifuko unachokiona kwenye mapafu au ini ni kiluwiluwi cha tegu, yaani mnyoo bapa wa tumboni. Kina ukuta mweupe mgumu na maji maangavu ndani yake, na chini ya maji hayo hutuama punje ndogo mfano wa mchanga mwembamba. Punje hizo zina vichwa vya tegu, na kifuko kimoja huweza kuwa navyo maelfu. Mbwa anapokimeza, kila kichwa hujishikiza kwenye utumbo wake na kukua kuwa tegu mzima mwenye urefu wa milimita chache tu, mdogo kiasi kwamba hutamwona kwenye kinyesi hata ukichunguza. Mbwa mwenyewe hakondi wala hakohoi. Ndiyo maana wazee waliona mbwa wanaishi. Kweli wanaishi, kwa kuwa ugonjwa huu hauwaumizi wao.

Baada ya wiki sita hivi mategu huanza kutoa mayai. Mayai hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, kwenye majani ya malisho na kwenye maji. Mbuzi akiyala, kifuko kipya huanza ndani yake. Mtoto anayecheza na mbwa kisha akala bila kunawa humeza mayai yaleyale, na ndani yake pia kifuko huanza, mara nyingi kwenye ini au mapafu, kikikua polepole kwa miaka mpaka tumbo livimbe. Matibabu ni vidonge vya muda mrefu au upasuaji, na kifuko kikipasuka tumboni mgonjwa anaweza kufa papo hapo kwa mshtuko wa mwili. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na kuanzia mwaka 1983 shirika la afya la AMREF liliendesha huko mpango wa kuwapima watu, kuwafanyia upasuaji na kuwapa mbwa dawa. Ugonjwa huu uko pia katika jamii za wafugaji wa upande wetu wa mpaka.

La kufanya ni mambo matatu, na hakuna moja linalotosha peke yake. Mapafu na ini vyenye vifuko vifukiwe shimo refu lililozibwa kwa mawe, au vichomwe; msivipasue kwa kuchungulia. Kama mnataka mbwa wapate chakula, vichemsheni katika sufuria ya nje kwa dakika 30 kamili tangu maji yaanze kutokota. Tena mbwa wote wa boma, si wale mnaowapenda tu, wapewe dawa iitwayo prazikwanteli, miligramu tano kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki sita, maana huo ndio muda ambao tegu mpya huhitaji kabla ya kutaga. Dawa nyingi za minyoo zinazouzwa madukani huua minyoo ya mviringo tu na haziwagusi mategu, kwa hiyo soma jina la dawa na usitazame picha ya mbwa kwenye pakiti. Kinyesi cha siku mbili za mwanzo baada ya dawa kifukiwe au kichomwe, kwa sababu dawa huua tegu lakini haiui mayai.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini linahusu boma lako. Mnyama aliyekufa ghafla, akatokwa na damu isiyoganda puani au nyuma, asipasuliwe na asitupiwe mbwa. Huenda ni kimeta, ugonjwa unaoambukiza na watu pia, na mbwa hata asipougua ataburuta vipande vya mzoga mpaka mlangoni.

SWALI: Nikiiweka nyama ya mbwa kwenye friza siku kadhaa, si vijidudu vyote vinakufa? Na umeme ukikatika usiku kucha, nyama ikalainika, naweza kuigandisha tena? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Havifi vyote. Baridi huua viluwiluwi vya minyoo ikiwa ni kali na ya muda wa kutosha: nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, kwa siku kumi mfululizo, na vipande viwe vidogo ili baridi ifike katikati. Bakteria kama salmonela na kampilobakta ni habari nyingine. Baridi huwalaza tu, na nyama ikiyeyuka huamka wakaendelea kuzaana. Friza inayofunguliwa kila mara, au iliyozimika usiku mmoja katikati ya zile siku kumi, haikupi uhakika hata wa minyoo.

Nyama iliyolainika usiku kwa joto la Dar es Salaam usiigandishe tena ikiwa mbichi. Kama bado ina baridi ya jokofu na haijabadilika harufu, ichemshe asubuhi hiyohiyo, kisha uigandishe ikiwa imepikwa. Kama imeshapata joto la chumba, itupe.

SWALI: Nyumbani tuna mama mzee anayetumia dawa za saratani na mjukuu wa mwaka mmoja. Mbwa wa ulinzi analala nje, lakini mlinzi anakatia nyama yake mbichi jikoni. Mama anasema ni najisi. Mimi nasema sabuni inatosha. Nani yuko sahihi? (Msomaji wa Kizingo, Mombasa)

JIBU: Bibi, suala la twahara waulizeni masheikh wenu, nao watawaeleza habari ya chombo alichoramba mbwa na idadi ya kuoshwa kwake. Kwa upande wa udaktari, mama yako yuko sahihi kwa vitendo: nyama hiyo na vyombo hivyo visiingie jikoni kabisa.

Mbwa anaweza kumeza salmonela, asiugue hata siku moja, na bado akaitoa kwenye kinyesi kwa wiki nzima au zaidi. Huiacha pia kwenye bakuli, kwenye ndevu zake na kwenye mkono wa anayempapasa. Mtu mzima mwenye afya huenda akapata kuhara kwa siku chache. Mtoto wa mwaka mmoja, mjamzito, anayeishi na virusi vya UKIMWI, au mzee ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani anaweza kulazwa hospitalini. Katika nyumba yenye watu hao sina mjadala: nyama ya mbwa ipikwe. Sufuria, kisu na ubao wake vikae nje, na bakuli lisuguliwe kwa sabuni na maji ya moto kila baada ya mlo badala ya kusuuzwa tu. Nyama mbichi msiioshe chini ya bomba, kwa sababu matone huruka na kuvisambaza vijidudu kuliko mnavyoweza kuona.

SWALI: Hapa kwetu vichwa, shingo na miguu ya kuku ni rahisi kuliko nyama. Naweza kumpa mbwa vibichi? Na mifupa ipi isiyo na madhara? Na yai bichi? (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Kuku mbichi ndiye mbebaji mkubwa wa kampilobakta. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walihusisha ulaji wa kuku mbichi, hasa shingo, na ugonjwa wa mbwa wa kupooza unaoanzia miguu ya nyuma na kupanda mbele. Si kila mbwa atapooza, lakini miguu ya kuku iliyochemshwa kwa mvuke wa presha mpaka mifupa ikasagika kwa vidole inampa gundi na kalisi ileile bila hatari hiyo. Presha kuka ya kawaida, saa moja hadi moja na nusu, inatosha. Bonyeza kila kipande kabla ya kumpa. Kinachokataa kusagika kirudi jikoni.

Kuhusu mifupa, iliyochomwa au kuchemshwa kikawaida ndiyo mibaya zaidi, kwa sababu hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Mfupa wa kuku wa kuchoma wa Jumapili umewafikisha mbwa wengi kwenye meza ya upasuaji. Mfupa mbichi haupasuki hivyo, lakini ule wa paja au kongoro la ng'ombe ni mgumu kuliko jino, na gego la mbwa likivunjika mpaka kwenye kiini huoza na kuuma kwa miaka bila mwenye mbwa kujua. Kanuni yangu ni kwamba mfupa ambao hungependa ukugonge gotini, usimpe.

Yai moja bichi la mara mojamoja halimdhuru, lakini ute mweupe mbichi ukiliwa kila siku huzuia vitamini iitwayo biotini. Lichemshe.

SWALI: Ninaishi Leicester, Uingereza. Huku nyama mbichi ya mbwa inauzwa dukani ikiwa imegandishwa na kufungashwa vizuri. Hiyo nayo ni hatari? (Msomaji wa Leicester)

JIBU: Hatari yake ni ndogo kuliko ya makombo ya bucha, kwa kuwa nyama hiyo hutoka kwa wanyama waliokaguliwa machinjioni, na kanuni zilizorithiwa kutoka Umoja wa Ulaya zinataka sampuli zake zisiwe na salmonela kabisa. Hata hivyo kugandishwa si kupikwa. Nchini humohumo, kati ya 2018 na 2019, paka kadhaa waliugua kifua kikuu cha ng'ombe na uchunguzi ukaielekea nyama mbichi ya paa iliyofungashwa. Na mwishoni mwa 2024, jimboni Oregon, Marekani, paka alikufa baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichokuwa na virusi vya homa ya ndege. Mbwa hawaathiriki na virusi hivyo kwa urahisi kama paka, lakini ikiwa nyumbani una wanyama wote wawili, zingatia hilo.

Ukiamua kuendelea, soma lebo kabla ya bei. Baadhi ya pakiti hueleza kwamba ni mlo kamili unaojitosheleza, na nyingine kwamba ni nyongeza tu ya mlo. Hizo za pili mara nyingi ni nyama ya kusaga na hakuna zaidi, nazo humfikisha mbwa palepale alipofika mtoto wa Rottweiler wa Kitengela. Yeyushia nyama ndani ya jokofu, kwenye chombo kilichofunikwa, rafu ya chini, na anachobakiza mbwa baada ya nusu saa kitupwe.

SWALI: Mbwa wetu anakula mabaki ya mezani, vikiwemo pilau na mchuzi. Kwa kuwa vimepikwa, havina shida? Na njugu za makadamia zinazoanguka shambani je? (Msomaji wa Murang'a, Kenya)

JIBU: Shida ya pilau ni kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Kijiko kimoja cha wali hakitamdhuru, lakini sahani ya mabaki kila siku hujumlika mpaka fizi zikapauka na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Mchuzi nao una chumvi nyingi. Mtengee wali mweupe kabla hamjaunga. Zabibu, zilizokaushwa na mbichi, huweza kuua figo zake, na chokoleti huuvuruga moyo.

Makadamia ni sumu kwa mbwa. Kwa kawaida ndani ya saa 12 hulegea miguu ya nyuma, hutetemeka, hutapika na kupata homa. Wengi hurudi katika hali yao katika siku moja au mbili, lakini mpeleke kwa daktari akashughulikiwe, na msimu wa kuvuna afungiwe mbali na miti.